Lubumbashi: Anayekula pesa ya nyumba asiukimbie mtaa

Saa nane ya usiku firimbi moja inalia. Ya pili inajibu, kisha sufuria zinaanza kugongwa kutoka lupango moja hadi nyingine. Asubuhi wakaaji wanakusanyika mbele ya mlango uliovunjwa. Simu zimechukuliwa, televisheni imechukuliwa, pesa ya biashara ya mama imechukuliwa, na wakati mwingine baba wa nyumba amepigwa mbele ya watoto wake. Mkuu wa avenyu yupo. Majirani wapo. Polisi wanasubiriwa. Mtu mmoja tu hayupo: mwenye nyumba. Anaishi upande mwingine wa mji, au Kolwezi, au Johannesburg, au Brussels. Atapigiwa simu, atasema pole, na mwisho wa mwezi atamtuma mtu kuchukua pesa yake.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda katika mitaa mingi ya Lubumbashi yenye sifa mbaya. Wengi husema kwamba shida ya mitaa hiyo ni majambazi. Wengine wanataja giza, barabara mbovu na uchache wa polisi. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mtaa ambao wenye nyumba wake hawajulikani na majirani, na huonekana siku ya malipo tu, ni mtaa usiokuwa na mtetezi. Na mwenye nyumba anayedhani kwamba ubaya wa mtaa ni shida ya mpangaji peke yake anajidanganya. Mtaa ukianguka, nyumba yake inaanguka nao.

Sifa mbaya haikushuka kutoka mbinguni

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, ukiitwa Élisabethville. Wakoloni waliweka mji wa Wazungu upande mmoja na makao ya Waafrika upande mwingine, na katikati wakaacha eneo lisilojengwa ili watu wasichanganyike. Kamalondo, Kenya, na baadaye Katuba na Ruashi zilikua kama mahali pa kuwalaza wafanyakazi, si mahali pa kuwawekea taa na barabara nzuri. Tangu siku zile kuna majina ya mitaa ambayo mtu akiyataja anapotafuta kazi au mchumba, anatazamwa vingine.

Lakini sifa mbaya ya mtaa mara nyingi ni kubwa kuliko ubaya wenyewe. Komine ya Kenya, ambayo wengi huitaja wanapozungumzia wizi, ndiyo yenye uwanja wa Kibassa Maliba. Kamalondo ina uwanja wa TP Mazembe, unaojaa watu kutoka kila upande wa mji. Katika avenyu zao wanakaa walimu, mafundi, wauguzi na akina mama wa soko ambao hawajawahi kumwibia mtu. Mwenye nyumba anayesema "kule ni kwa majambazi" wakati anachukua pesa ya watu hao kila mwezi, anawatukana watu wanaomlisha.

Leo sehemu kubwa ya nyumba mpya za kupangisha inajengwa pembezoni, katika komine ya Annexe inayouzunguka mji: Kalebuka, Kasungami, Luwowoshi, Kisanga na kwingineko. Watu wanakwenda huko kwa sababu kiwanja ni cha bei nafuu kuliko katikati ya mji. Mtu anachoma matofali, anaweka mabati, anachimba kisima, anafunga mlango wa mbao na kutafuta mpangaji. Nyumba inafika kabla ya barabara. Mpangaji anafika kabla ya waya wa SNEL na bomba la REGIDESO. Kituo cha polisi, kama kipo, kiko mbali. Katika hali hiyo si ajabu kwamba mwizi naye anafika mapema.

Na si kweli kwamba wenye nyumba hizo wote ni matajiri. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Wako waliotia pesa ile katika matofali wakitumaini kwamba vyumba viwili au vitatu vya kupangisha vitakuwa pensheni yao. Wengine ni wajane walioachiwa lupango moja, walimu waliojinyima miaka mingi, au watoto wa mji walio ng'ambo wanaotuma pesa kidogo kidogo. Kwa hiyo huu si ugomvi wa tajiri na maskini. Mara nyingi mwenye nyumba na mpangaji wote wawili wako ukingoni, na kosa la mmoja linamsukuma mwingine.

Garanti iliyoliwa

Kosa la kwanza linahusu garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayosimamia upangishaji wa nyumba nchini, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Kila mtu aliyetafuta nyumba kupitia komisioneri anajua kwamba kiasi hicho hakiheshimiwi siku zote. Lakini hata pale ambapo miezi 3 inaheshimiwa, jambo moja linasahauliwa: garanti si mali ya mwenye nyumba. Ni amana. Mpangaji akitoka bila deni na bila kuharibu kitu, anapaswa kurudishiwa.

Katika mtaa mtulivu, kula garanti ni tabia mbaya. Katika mtaa wenye wizi, ni hatari kwa maisha ya watu. Mfano ni wa familia iliyovunjiwa mlango usiku. Mke hataki kulala pale tena. Mtoto anashtuka kila mbwa akibweka. Wanamwambia mwenye nyumba kwamba wanahama, na wanaomba garanti yao ili walipe kwingine. Jibu ni lile lile linalojulikana: pesa iliisha kwenye mabati, wasubiri mpangaji mwingine aingie. Lakini nani ataingia katika nyumba iliyoibiwa wiki iliyopita, wakati mtaa mzima unaizungumzia? Basi familia inabaki. Watoto wote wanalala katika chumba kimoja, kabati linasukumwa nyuma ya mlango, baba analala na nguo zake. Garanti yao imekuwa kamba iliyowafunga.

Wengine hawasubiri. Wanaamua kuila garanti kwa kukaa bila kulipa mpaka miezi iishe, kisha wanahamisha vitu siku moja asubuhi. Mwenye nyumba anapokuja anakuta vyumba vitupu, kioo kimevunjika, swichi zimeng'olewa, na hana pesa yoyote ya kutengeneza. Analalamika kwamba wapangaji wa mtaa ule si watu wema. Anasahau kwamba yeye ndiye aliyeanza kula.

Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Garanti iwekwe mbali na matumizi, hata kama ni katika akaunti ndogo au kwa mtu wa kuaminika. Mkataba uandikwe, hata kama mpangaji ni ndugu wa rafiki, na hali ya mlango, madirisha, paa na choo itajwe siku ya kuingia. Ugomvi ukitokea, idara ya makazi ya komine, ile ambayo wengi huiita Habitat, ndiyo mahali pa kuanzia ili pande zote mbili zisikilizane kabla ya kwenda mahakamani. Wengi wanaikwepa kwa kuogopa gharama au kuonekana wagomvi. Lakini anayekwepa maandishi ndiye anayelia baadaye bila ushahidi.

Mwenye nyumba wa kwenye simu

Kosa la pili ni kutokuwepo. Mwenye nyumba aliye mbali huacha kila kitu kwa mdogo wake au kwa shemeji. Mdogo anakusanya pesa, lakini hana ruhusa ya kutumia hata franka moja kununua kufuli. Kila kitu lazima kiulizwe kwa simu. Mpangaji analalamika kwamba dirisha halifungi, ujumbe unatumwa, jibu linasema "mwezi ujao." Mwezi ujao unakuja na wizi unakuja nao. Wakati mwingine mdogo huyo naye anapunguza kidogo kabla ya kutuma, na kwa sababu hiyo hataki mwenye nyumba na mpangaji wazungumze moja kwa moja.

Komisioneri naye ana sehemu yake. Analipwa mtu anapoingia, halipwi mtu anapokaa muda mrefu. Kwa hiyo ataonyesha nyumba mchana, saa nne, jua likiwaka na watoto wakicheza. Hataeleza kwamba baada ya saa mbili usiku pikipiki hazikubali kuingia katika avenyu ile. Mpangaji akihama baada ya miezi minne, komisioneri anapata kazi nyingine, na mwenye nyumba anapata hasara.

Sheria ya mikataba iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika nchini, inamtaka anayepangisha atoe nyumba iliyo katika hali nzuri, aitunze, na amwache mpangaji aitumie kwa amani. Mwenye jengo anaweza pia kujibu kwa madhara ya ukuta wake ukianguka kwa kukosa matunzo. Ni kweli kwamba mwizi akivunja mlango, mwenye nyumba hageuki kuwa mwizi. Lakini kama mlango huo haukufungika tangu siku mpangaji alipoingia, na mwenye nyumba alijua, basi hawezi kunawa mikono na kusema hayamhusu.

Kuuliza jina si kuuliza kabila

Kosa la tatu ni kumkubali yeyote mwenye pesa. Katika mtaa mgumu, mwenye nyumba ambaye vyumba vyake vimekaa vitupu miezi miwili anafurahi sana kumwona kijana anayelipa miezi 6 mara moja bila kuuliza bei ya maji wala hali ya choo. Furaha hiyo inaweza kuwa ghali. Chumba kinakuwa ghala la vitu vya wizi, au mahali pa kuuzia lutuku mpaka usiku wa manane. Majirani wanaona, lakini wanaogopa kusema. Siku polisi wanapokuja, wanawakamata wote waliomo ndani ya lupango, hata mwanafunzi aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani. Na kesho yake jina la avenyu nzima linaharibika.

Mwenye nyumba mwenye busara anauliza. Anaomba kitambulisho na kubaki na nakala yake. Anauliza mtu anafanya kazi gani, atakaa na watu wangapi, alikuwa akikaa wapi na kwa nini ametoka. Anampigia simu mwenye nyumba wa zamani. Anamjulisha mkuu wa avenyu kwamba mkaaji mpya ameingia. Mpangaji mwema hakasiriki kwa maswali hayo, maana naye anataka kujua kwamba mtu wa chumba cha pili ameulizwa vile vile.

Lakini maswali hayo yana mpaka. Kumuuliza mtu kazi yake si kumuuliza kabila lake. Katanga inajua gharama ya kuchanganya mambo hayo mawili: mwaka 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao, na majirani waliokuwa wakigawana maji na chumvi wakageuka kuwa wageni. Mwizi hana kabila. Anayepangisha kwa kuchagua majina ya ukoo haleti usalama, analeta ugomvi mwingine juu ya ule uliopo.

Hesabu ya mwaka mmoja

Wako watakaosema kwamba haya yote ni maneno mazuri, lakini nyumba ni biashara. Vema, hesabu ifanywe. Kwa mfano, nyumba inapangishwa kwa dola 80 kwa mwezi. Mpangaji akikaa mwaka mzima, mwenye nyumba anapata dola 960. Lakini mpangaji akiibiwa mwezi wa tano na kuhama, tayari ameingiza 400 tu. Nyumba inakaa tupu miezi miwili. Mlango, kufuli na nyaya zilizokatwa zinahitaji, tuseme, dola 120. Mpangaji mpya amesikia habari, kwa hiyo anakataa kutoa zaidi ya dola 65. Miezi 5 iliyobaki inaleta 325. Jumla ni 725. Ukitoa 120, inabaki 605.

Bei zinatofautiana kutoka mtaa hadi mtaa, na huu ni mfano tu. Lakini njia ya hesabu haibadiliki: dola 355 zimepotea ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya mlango mmoja uliovunjwa. Na mwaka unaofuata unaanza kwa dola 65, si 80. Mwenye nyumba aliyeona mlango wa chuma kuwa ghali ameulipa bila kuupata.

Hasara hiyo haiishi kwake. Jirani naye atashusha bei, kwa sababu mpangaji atamwambia kwamba kule ng'ambo ya barabara wanatoa kwa 65. Bei zikishuka, wenye nyumba wanaacha kutengeneza. Wakiacha kutengeneza, wapangaji wenye uwezo wanahama. Wanaobaki ni wale wasio na pa kwenda na wale wanaopenda mahali ambapo hakuna anayeuliza. Hivi ndivyo mtaa wa kawaida unavyogeuka kuwa mtaa wa kuogopwa, bila mtu yeyote kukaa na kuamua iwe hivyo.

Kurudi nyuma kunawezekana, lakini si kwa nyumba moja pekee. Mlango mmoja wa chuma katika avenyu yenye giza unampeleka mwizi kwa jirani tu. Wenye nyumba kumi wa avenyu moja wakikubaliana, kila mmoja anaweza kuweka taa moja ya jua upande wa barabara. Wanaweza kulazimisha viwanja vitupu vifyekwe, maana katika majani marefu ndimo wezi hungojea. Wanaweza kuchangia vijana wa zamu ya usiku, badala ya kuwaachia wapangaji peke yao mzigo huo. Mpangaji anayelipa nyumba, kisha anachangia mlinzi, kisha anakesha na firimbi mdomoni, anamlindia mtu mwingine mali yake bure.

Zamu hiyo lazima ijulikane na mkuu wa mtaa na polisi, na iwe na mipaka. Kazi yake ni kuona, kupiga firimbi, kuita na kumkabidhi mtuhumiwa kwa polisi. Si kumchoma mtu kwa tairi. Haki ya hasira imekwisha kuwaua watu wasio na hatia katika miji ya nchi hii, na mtaa unaoua haujapata usalama. Umeongeza tu sababu nyingine ya kuogopwa.

Karatasi na serikali

Mitaa yenye mashaka mara nyingi ina pia karatasi zenye mashaka. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya taifa, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja alichopewa inathibitishwa na hati ya kuandikishwa, inayojulikana kwa Kifaransa kama certificat d'enregistrement. Hati hiyo haiwezi kupingwa tena baada ya miaka 2 tangu ilipotolewa. Lakini pembezoni mwa mji, wengi wanajenga na kupangisha wakiwa na karatasi ya mauzo tu, yenye saini ya chifu au ya mkuu wa mtaa. Siku mtu wa pili anapotokea na karatasi yake, mpangaji ndiye wa kwanza kuona vitu vyake nje. Alilipa kwa mtu ambaye hakuwa na uhakika hata yeye mwenyewe. Anayetaka kununua nyumba ya kupangisha katika mitaa hiyo kwa sababu bei ni ndogo, ajiulize kwanza kwa nini ni ndogo.

Hapa wenye nyumba watajibu kwamba ulinzi si kazi yao. Wana haki ya kusema hivyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 48, inatambua haki ya makao yenye heshima, ya maji safi na ya umeme. Hakuna mwenye vyumba vitatu anayeweza kuchukua nafasi ya SNEL, ya REGIDESO wala ya polisi wa taifa. Barabara ambayo gari la polisi haliwezi kupita wakati wa mvua si kosa la mjane mwenye lupango moja. Na pale ambapo wakaaji wanasimulia kwamba waliovunja mlango walivaa sare na kubeba silaha za vita, si taa ya jua itakayotoa jibu. Jibu lazima litoke kwa makamanda, na litoke hadharani.

Tena serikali haiwezi kusema haijui nyumba hizo zipo. Kodi juu ya mapato ya nyumba za kupangisha, IRL, iliwekwa na sheria ya mwaka 1969, na leo ni kodi ya jimbo. Katika Haut-Katanga inakusanywa na DRHKAT. Kila mwaka wenye nyumba wanakumbushwa kulipa. Ni haki. Lakini mkaaji wa Kalebuka ana haki ya kuuliza: katika pesa iliyotoka mtaani kwake, ni kiasi gani kilichorudi kama taa, kama mtaro, kama pikipiki ya doria? Jimbo lingeweza kutangaza, komine kwa komine, pesa iliyoingia na kazi iliyofanywa. Mwenye nyumba anayeona taa imesimama kwa kodi yake atalipa kwa moyo mwepesi zaidi kuliko yule anayeona risiti tu. Na yule anayeficha wapangaji wake ili asilipe angepoteza kisingizio chake kikubwa.

Mabaraza ya usalama wa ukaribu katika komine yaliwekwa ili viongozi, polisi na wakaaji wakae meza moja. Wenye nyumba wanapaswa kuonekana katika meza hiyo, na wapangaji pia. Mara nyingi anayeitwa kuwakilisha mtaa ni yule mwenye jina kubwa. Lakini anayejua saa ambayo wezi hupita ni mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kununua mboga za kuuza, naye anapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba.

Uzembe wa serikali, hata hivyo, hauwezi kuwa kitanda cha kulalia cha mwenye nyumba. Serikali haikumzuia kununua kufuli. Haikumlazimisha kula garanti. Haikumkataza kuja mtaani mara moja kwa mwezi, kuwasalimia majirani, kuandika namba yake ya simu kwa mkuu wa avenyu, na kukagua paa kabla ya mvua za Novemba. Mambo hayo yako mikononi mwake, na ndiyo yanayotofautisha mwenye nyumba na mkusanyaji wa pesa.

Wapangaji nao wana deni lao. Kulipa kwa wakati, kufunga geti usiku, kutompa funguo kila mgeni, kusema mapema wanapoona jambo lisilo la kawaida. Mwenye nyumba anayejitahidi kisha anakutana na mpangaji anayeuza taa ya nje ili anunue vocha, atakata tamaa. Lakini wa kuanza ni yule mwenye mali, kwa sababu mpangaji anaweza kuhama kesho na nyumba haihami.

Kwa anayefikiria leo kununua au kujenga nyumba ya kupangisha katika mtaa wa namna hii, shauri ni dogo. Asiende mchana na komisioneri. Aende saa mbili usiku, kwa miguu, na mtu anayeishi pale. Aulize maji yanatoka wapi, polisi walikuja lini mara ya mwisho, na nani anakaa katika nyumba za jirani. Kama baada ya hapo hawezi kumkubalia mtoto wake mwenyewe alale katika chumba kile, basi ajue kazi iliyobaki kabla ya kuchukua pesa ya mtoto wa mtu mwingine.

Na kwa wale ambao tayari wana nyumba huko, mtihani utakuja asubuhi nyingine, baada ya firimbi na sufuria. Watu watakusanyika tena mbele ya mlango. Mwenye nyumba aliye mbali na atume mtu, na aliye mjini na aje mwenyewe, akiwa na fundi, kabla ya saa nne. Mpangaji atakayemwona akifika siku hiyo ataweza kulala tena pale. Na majirani wataanza kuujua uso wa mtu ambaye hadi sasa walijua tu tarehe yake ya kuchukua pesa.